Rivolva za Watu wa Kazi: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii zimetoka kusini, na karibu zote zinauliza kuhusu rivolva kuukuu, yaani bastola zenye silinda ya risasi inayozunguka: zile zilizotengenezwa kwa ajili ya polisi, walinzi wa benki, askari na wenye maduka, zikauzwa kwa bei ya mtu wa mshahara. Kila jibu hapa chini linahusu silaha yenye leseni iliyo mikononi mwa mwenye leseni hiyo. Kila ukaguzi unaoelezwa unaanza kwa kufungua silinda, kuondoa risasi zote na kuziweka chumba kingine. Hata kama umehakikisha jana, hakikisha tena leo.

Nimekubaliwa kumiliki bastola. Muuzaji ana Smith & Wesson ya zamani, rangi imechubuka, na bei yake haifiki nusu ya bastola mpya ya magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye kishikio). Wenzangu wananicheka. Ina faida gani? (Msomaji wa Mikindani)

Wanaokucheka wameangalia rangi tu. Ikiwa ni ile ya fremu ya ukubwa wa kati, yenye tundu sita za risasi ya .38 Special na mtutu wa inchi nne, basi yumkini ni Military & Police, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1899 na kuitwa Model 10 kuanzia 1957. Zimetoka kiwandani zaidi ya milioni sita. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa idara za polisi na kampuni za ulinzi zilizonunua kwa mamia na maelfu, kwa hiyo hakuna nakshi, kilengeo cha nyuma ni mfereji uliochongwa juu ya fremu, na vishikio ni mbao ya kawaida. Fedha ya mnunuzi iliingia ndani ya mtambo. Katika zile za kabla ya miaka ya 1960 hasa, fundi wa kiwandani aliunganisha vipande kwa mkono, akavisawazisha kwa jiwe la kunolea mpaka vikatelezana bila kukwaruza. Ulaini ule wa triga utaulipia ghali ukiutaka kwenye silaha mpya.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wazoefu hulitafuta. Rivolva ya polisi ilibebwa kila siku kwa miaka mingi lakini ilipigwa mara chache kwa mwaka, wakati wa mazoezi. Mkoba wa ngozi ukala rangi ya mtutu na ya silinda, jasho likala kishikio, na ndani mtambo ukabaki karibu mpya. Polisi wa Marekani walipohamia bastola za magazini, miaka ya 1980 na 1990, silaha hizo zilimwagika sokoni kwa wingi. Ndiyo sababu ya bei hiyo unayoiona.

Matumizi yake ni mepesi kueleweka. Risasi isipolipuka, unavuta triga tena na silinda inaleta nyingine. Ukifungua silinda, unaona kwa macho kama kuna risasi au hakuna. Haina springi ya magazini. Lakini ujue na upande wa pili: risasi ni sita tu, kujaza upya kunachukua muda, na kuvuta triga bila kutangulia kurudisha nyundo (kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi ilipuke) kunahitaji nguvu ya kama kilo tano. Asiyefanya mazoezi hukosa shabaha kwa sababu hiyo hiyo.

Usitoe hata shilingi kabla ya kuonana na polisi wa wilaya. Leseni inafungamana na silaha mahususi na namba yake, na muuzaji naye lazima awe na kibali halali cha kuimiliki au kuiuza.

Babu alikuwa mlinzi Nachingwea enzi za mpango wa karanga. Rivolva yake, ambayo sasa iko kwenye leseni ya baba, ni Smith & Wesson yenye herufi V mbele ya namba. Ubavuni mwa mtutu imeandikwa 38 S.&W. CTG., na kuna mihuri midogo pamoja na .38 .767" na 3½ TONS. Tuombe risasi gani? (Msomaji wa Nachingwea)

Swali hili limetufurahisha, kwa kuwa umesoma maandishi yote kabla ya kuuliza. Wengi huishia kwenye "38" wakaenda dukani.

Herufi V ni ya Victory, toleo la Vita vya Pili vya Dunia lililotengenezwa kati ya 1942 na 1945. Rangi yake ni ya kijivu isiyong'aa, na chini ya kishikio kuna pete ya kufungia kamba. Zilikuwa za aina mbili. Za Wamarekani zilitumia .38 Special. Zilizopelekwa kwa majeshi ya Uingereza na makoloni yake zilitumia risasi fupi ya .38 S&W, ambayo Waingereza waliiita .38/200 kwa sababu kichwa chake kilikuwa na uzito wa greni 200, yaani karibu gramu 13. Mihuri unayoiona ilipigwa Uingereza, silaha ilipokaguliwa kabla ya kuuzwa kwa raia. Namba .767 ni urefu wa ganda kwa inchi, na tani tatu na nusu ni shinikizo lililokubaliwa. Kwa maandishi hayo, ya babu ilizaliwa kwa risasi fupi.

Tatizo ni kwamba majina ya risasi zote mbili yana "38" na "S&W" ndani yake. Vipimo ndivyo vinavyozitenganisha. Ganda la .38 S&W lina urefu wa milimita 19.7 na unene wa 9.8, na kichwa chake ni 9.17. Ganda la .38 Special lina urefu wa 29.3 na unene wa 9.63, na kichwa ni 9.09. Yaani fupi ni nene zaidi, ndefu ni nyembamba zaidi. Kwenye silinda isiyoguswa, .38 Special haizami yote, inabaki nje.

Sasa hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Baada ya vita, wafanyabiashara walizichukua nyingi za aina hii wakachimba tundu za silinda ziwe ndefu ili zipokee .38 Special, wakaziuza tena. Nyingine zilikatwa mtutu pia. Tundu iliyochimbwa hivyo ni pana nyuma kuliko ganda jembamba, kwa hiyo ukipiga, ganda linavimba karibu na kitako chake na mara nyingine linapasuka. Kichwa cha risasi nacho kinapita kwenye mtutu uliopana kidogo kuliko kinavyotaka, na shabaha inalegea. Mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni apime mdomo wa tundu, upande wa nyuma, kwa venia kalipa, kifaa cha kupimia upana na unene. Akipata karibu 9.85, ni ya .38 S&W. Kisha amulike ndani: tundu ya asili ina ngazi inayoonekana wazi mahali ganda linapokoma, karibu milimita 20 kutoka nyuma. Ngazi ikiwa mbele sana, imechimbwa. Hapo ushauri wetu ni kuacha kuipiga kabisa.

Ikiwa haijaguswa, omba .38 S&W, na uwe tayari kuisubiri, maana ni adimu kuliko .38 Special. Na neno moja la usalama. Mwaka 1944 baharia wa Marekani aliuawa na rivolva ya namna hii iliyoanguka kwenye sitaha na kulipuka. Kiwanda kikabuni kizuizi kipya cha nyundo, na silaha zilizopewa kizuizi hicho zikaandikwa SV badala ya V. Ya babu ni V tupu. Beba risasi tano, tundu iliyo chini ya nyundo ibaki wazi.

Nikiletewa rivolva kuukuu, niikague vipi kabla ya kununua? Nataka hatua, si maneno ya jumla. (Msomaji wa Masasi)

Chukua tochi ndogo, fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), na kipande cha karatasi nyeupe. Mbele ya muuzaji, na silaha ikiwa tupu, fanya hivi.

Anza na mpangilio wa silinda. Weka kidole kimoja juu ya silinda ukiikandamiza kidogo sana, kisha rudisha nyundo polepole kwa dole gumba. Kizuizi cha silinda kinatakiwa kiingie kwenye ufa wake kabla nyundo haijafika mwisho na kukaa. Utasikia mlio mdogo, halafu mlio wa nyundo. Rudia kwa tundu zote sita, maana tatizo linaweza kuwa kwenye moja tu. Nyundo ikikaa kabla silinda haijafunga, ukucha unaozungusha silinda umechakaa, au meno ya nyota (kipande cha nyuma ya silinda kinachotoa maganda) unayoyasukuma yamelika. Silaha hiyo inaweza kupiga wakati tundu haijalingana na mtutu, na vipande vya risasi vikaruka ubavuni. Colt za zamani huugua ugonjwa huu mapema zaidi kuliko Smith & Wesson, kwa kuwa ukucha wake unaendelea kuisukuma silinda hata triga ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Ndiyo sababu Colt nzima inafunga kama kasha la benki, na ndiyo sababu inachakaa. Kuitengeneza kunahitaji fundi anayeijua Colt, na hao ni wachache.

Kisha nyundo ikiwa imerudishwa na kukaa, isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani bila kugusa triga. Ikianguka, acha. Usijadili bei.

Sasa fila geji. Isukume silinda nyuma kabisa, upime nafasi iliyopo kati yake na mtutu. Milimita 0.10 hadi 0.20 ni nzuri. Ikizidi 0.25 utapata cheche na vumbi la risasi pembeni. Halafu isukume silinda mbele, upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ni mchezo wa mbele na nyuma. Ukifika 0.05 bado si hatari, na fundi huurekebisha kwa pete nyembamba ya chuma (washa). Ukizidi sana, umeambiwa kwamba silaha hii ilipigwa risasi nyingi au kali kuliko ilivyotakiwa.

Fungua silinda, izungushe kwa kidole huku ukiangalia ncha ya fimbo ya kutolea maganda. Ncha ikichora duara, fimbo imepinda. Watu huipinda kwa kuifunga silinda kwa kuitupa na kiganja, kama wanavyoona kwenye sinema.

Weka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, mulika, uangalie kupitia mdomoni. Mifereji ionekane mikali. Madoadoa madogo ya kutu ya zamani yanavumilika, shabaha ya mita 15 haitayajali. Usichokubali ni duara moja jeusi kama pete katikati ya mtutu: hapo risasi ilikwama, nyingine ikaifuata, na chuma kikavimba. Pitisha vidole nje pia, uvimbe mara nyingine unagusika. Angalia na mdomo wa nyuma wa mtutu, upande wa chini, kama una ufa.

Mwisho skrubu. Vichwa vilivyoliwa vinamaanisha kuna mtu alifungua kwa bisibisi ya kawaida yenye ncha ya kuchongoka. Aliyefanya hivyo nje, fikiria alifanya nini ndani. Silaha yenye rangi iliyoisha lakini skrubu safi ni bora mara kumi kuliko iliyopakwa rangi mpya juu ya maandishi yaliyosagwa. Maandishi yaliyosagwa, hasa namba, yanatosha kukufanya uondoke na kutoa taarifa polisi.

Huku tunapaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye mbao zisiliwe na mchwa. Je, yanafaa kwenye chuma cha bastola? Na mafuta ya nazi? (Msomaji wa Newala)

Yote mawili hayafai. Mafuta ya maganda ya korosho yana asidi, ndiyo maana yanababua mikono ya wabanguaji, na yakikaa hewani yanagandamana kuwa kama vanishi. Mbao zinayapenda kwa sababu hiyo. Mtambo wa rivolva utakwama, na kuyatoa ni kazi ya wiki.

Mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24, na usiku wa Juni na Julai kwenye uwanda wa Makonde linashuka. Yakikaa yanachacha, nayo yanageuka asidi. Tumia mafuta mepesi ya cherehani. Tone moja kwenye kila sehemu inayozunguka, na kitambaa kilicholowa kidogo kwa nje. Yakizidi yanakamata vumbi na yanaweza kupenya kwenye fataki ya risasi (kile kipande cha kitakoni kinachowasha baruti) ikashindwa kulipuka.

Kwa kuwa uko Newala tunaongeza usiloliuliza: usihifadhi silaha wala risasi stoo yenye mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga. Unga wa salfa ukikutana na unyevu unakula chuma, na maganda ya shaba yanakuwa meusi. Vumbi lake linapita hata kwenye sanduku lililofungwa.

Nakaa Kilwa Masoko karibu kabisa na bahari. Kila mwezi naikuta na kutu ya rangi ya chungwa. (Msomaji wa Kilwa)

Hewa yako ina chumvi, na chumvi inavuta maji. Kwanza itoe kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi hunywa unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha zinabaki ndani yake zikigusana na chuma usiku na mchana. Mkoba ni wa kubebea, si wa kuhifadhia. Iweke ndani ya soksi ya pamba iliyopakwa mafuta kidogo, kwenye kasha la chuma lenye kufuli, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu. Vifuko hivyo vikishiba, vikaushe juani au kwenye oveni yenye moto mdogo. Kasha lisigusane na ukuta wa nje.

Kutu iliyopo, ilowanishe mafuta usiku mzima, kisha sugua taratibu kwa steel wool laini kabisa, ile ya namba 0000, ikiwa na mafuta. Acha mara rangi ya chungwa inapoisha. Ukiendelea utaondoa na rangi ya samawati ya kiwandani. Mafuta ya taa yanasafisha vizuri, ila yakikauka hayaachi kinga yoyote, kwa hiyo lazima yafuatwe na mafuta halisi.

Ikiwa umepiga risasi za kijeshi za zamani, mafuta peke yake hayatakusaidia. Fataki za risasi nyingi za wakati ule huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Pitisha maji ya moto kwenye mtutu na kila tundu siku ile ile, kausha kabisa, pitisha brashi ya shaba, halafu mafuta.

Ninaona rivolva ndogo ya tundu tano, inavunjika katikati kama shotgani, na kwenye kishikio kuna kichwa cha bundi. Ni ya maana? (Msomaji wa Tandahimba)

Ni Iver Johnson ya Marekani, kiwanda kilichotengeneza pia baiskeli. Hizi ziliuzwa kwenye maduka ya vifaa, kwa watu ambao Colt iliwazidi kimo. Zina jambo moja la heshima: kati ya nyundo na pini inayogonga fataki kuna kipande kinachopanda pale tu triga inapovutwa, hivyo nyundo ikigongwa kwa nje hakuna kinachotokea. Matangazo yao ya mwanzo wa karne ya 20 yalimwambia mnunuzi aichukue nyundo ya seremala aigonge nayo.

Lakini umri wake ni muhimu kuliko yote. Zilizotengenezwa kabla ya 1909 zilikuwa za baruti nyeusi. Baruti ya kisasa ina shinikizo lisiloendana na chuma kile. Fundi akitoa kishikio ataona springi ya nyundo: ikiwa bapa, ni ya zamani, iwekwe kama kumbukumbu na isipigwe kamwe. Ikiwa ya kuzunguka kama ya kalamu, ni ya 1909 na kuendelea. Hata hiyo, bawaba yake ikicheza ukiitikisa, usiipige.

Enfield yangu nyundo yake haina sehemu ya kuvutia kwa kidole. Imevunjika? (Msomaji wa Ruangwa)

Haijavunjika. Uingereza iliipokea Enfield No. 2 mwaka 1932, na mwaka 1938 ikatoa toleo la Mk I* lisilo na kipande hicho, kwa kuwa askari wa vifaru walilalamika kinanasa wanapopita milangoni. Inapigwa kwa kuvuta triga tu. Soma nyota ubavuni: zikiwa mbili, Mk I**, toleo hilo la wakati wa vita liliondolewa kizuizi cha nyundo na linaweza kulipuka likianguka. Nyingi zilirudishwa kiwandani zikarekebishwa, ila fundi athibitishe yako. Ukikuta jina Albion, ni kampuni ile ile ya malori ya Uskoti, nayo ilizitengeneza wakati wa vita.

Baba amefariki, tumekuta rivolva ndani ya sanduku lake na hatuoni leseni. (Msomaji wa Lindi mjini)

Poleni sana. Msiifungue, msijaribu kuitoa risasi, msiihamishe. Mwenyekiti wa mtaa ajulishwe, na polisi waitwe waje kuichukua. Silaha hairithiwi pamoja na shamba na nyumba. Leseni ni ya mtu mmoja, na akifariki silaha inakabidhiwa polisi mpaka mrithi aombe na akubaliwe kwa jina lake mwenyewe chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Ukiikabidhi, omba hati ya kupokelewa yenye aina na namba ya silaha, uitunze na nyaraka za mirathi.

Smith & Wesson yangu silinda imegoma kufunguka. Nasukuma kitufe, haitoki. Nigonge? (Msomaji wa Mtwara mjini)

Usigonge. Katika zile za kabla ya takriban 1960, fimbo ya kutolea maganda ina nyuzi za kawaida, na mzunguko wa silinda huilegeza kidogo kidogo. Ikilegea inarefuka, ncha yake inajikaza kwenye kifungio cha mbele chini ya mtutu, na silinda haifunguki. Kiwanda kiligeuza nyuzi ziwe za kushoto baadaye ili kuondoa tatizo hili.

Kwa kuwa hujui kama kuna risasi ndani, elekeza mtutu mahali salama na uite fundi mwenye leseni. Atakisukuma kifungio hicho cha mbele kiachane na ncha ya fimbo, kwa kipande chembamba cha bati, huku akikandamiza kitufe, silinda itatoka. Kabla ya kuikaza fimbo, ataweka maganda matupu kwenye tundu, maana bila hayo nyota inaweza kujinyonga na vipini vidogo vinavyoishikilia vikakatika. Akaze kwa taya laini za shaba au mbao, si kwa koleo tupu, kisha aangalie kama fimbo bado imenyooka.